Njia Ikiharibika, Nani Atamrudisha Fundi Nyumbani?

Sisi tunaoendesha malori Marekani sheria ya saa tunaijua kwa moyo. Saa 11 za kuendesha, na zote ziishe kabla hujatimiza saa 14 tangu uanze kazi siku hiyo. Kabla ya kuanza tena, saa 10 za kupumzika. Ukishafanya kazi saa 60 ndani ya siku 7, au 70 ndani ya siku 8 kutegemea ratiba ya kampuni, hugusi usukani mpaka upumzike. Tangu Desemba 2017 wengi wetu tunahesabiwa na kifaa kilichounganishwa na injini, na kifaa hicho hakipokei maelezo. Madereva wenzangu wengi wanaichukia sheria hii kwa sababu inakula mshahara. Mimi naiunga mkono, na nitaendelea kuiunga mkono hata siku inaponilaza kwenye maegesho nikiwa karibu kabisa na kwangu.

Lakini barabarani tuko na wenzetu wanaoendesha magari mazito kama yetu, na wao sheria hii ama haiwagusi kabisa au inawagusa nusu. Nao ni wafanyakazi wa reli. Usifikirie dereva wa treni. Fikiria fundi wa ishara, anayetunza taa zinazoongoza treni, mwenye lori la vifaa, au genge la njia, yaani wanaotengeneza reli yenyewe, lenye lori la kreni linalobeba vipande vya reli na mataruma ya kulazia reli. Gari la biashara likizidi pauni 10,000, yaani kama kilo 4,500 na kidogo, dereva wake anaingia kwenye sheria ya saa ya FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia malori na mabasi. Isipokuwa amesamehewa. Na kwa upande wa reli, misamaha ipo, na mwingine makampuni yameuomba, ili watu wao waruhusiwe kupita ukomo wa saa wanapoitwa kwenye dharura.

Nianze na ulio mkubwa. Mwaka 2008, baada ya treni ya abiria kugongana na ya mizigo huko Chatsworth, California, tarehe 12 Septemba na watu 25 kufariki, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya usalama wa reli. Ilikuwa sheria nzuri kwa mambo mengi. Iliwapa wafanyakazi wa treni saa 10 za mapumziko yasiyoingiliwa hata kwa simu, na ikaweka ukomo wa saa 276 kwa mwezi. Ila ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba saa za mafundi wa ishara zitasimamiwa na sheria ya reli peke yake. Fundi huyo akipanda lori lake, kanuni za saa za madereva hazimhusu.

Ukiuliza sheria ya reli inampa nini, utajibiwa: saa 12 kazini. Kukiwa na dharura ya kweli, anaongezewa 4. Jumla 16. Mpaka hapo naweza kuelewa, maana taa ya ishara ikiharibika kwenye njia panda ya reli na barabara, haiwezi kusubiri mpaka asubuhi. Kinachonisumbua ni kilichoandikwa kuhusu safari ya kurudi. Sheria inasema muda ambao fundi anautumia kurudi kutoka kwenye wito wa hitilafu, awe anapitia ofisini au anakwenda nyumbani moja kwa moja, si muda wa kazi wala si muda wa mapumziko. Hauna upande. Mtu aliyeamshwa usiku, akafanya kazi hadi ukomo wa dharura, anaingia kwenye lori kurudi kwake, na hakuna saa inayomhesabia.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ambayo tangu hapo yamerudiwa katika mafunzo mengi ya usalama: mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi za umakini vibaya sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 ni kama mwenye 0.10. Marekani, 0.08 inatosha kukufungulia kesi katika majimbo yote. Huyu fundi wetu wa saa 16 kazini, ukijumlisha na muda aliokuwa macho kabla ya kuitwa na muda wa njiani, yuko wapi kwenye hesabu hiyo? Angekuwa amekunywa tungemkamata. Kwa kuwa amechoka tu, tunampungia mkono apite.

Tuje kwa genge la njia. Hawa hali yao ni ngumu zaidi, na watu wengi wa nje ya reli hawaijui. Sheria ya saa za reli Marekani, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1907, inawalinda watu wa aina tatu: wanaoendesha treni, wanaoziongoza kutoka vyumba vya mawasiliano, na mafundi wa ishara. Anayepigilia misumari ya reli hayumo. Anayeziba tuta lililosombwa na maji hayumo. Anaweza kufanyishwa kazi saa 20 na sheria ya reli isiseme neno. Ulinzi pekee wa shirikisho unaomfikia ni ule wa barabarani, wakati anapoendesha lori zito. Huo nao umeshapunguzwa: tangu sheria ya usafiri ya mwaka 2015, dereva wa lori lile lenye magurudumu ya mpira kwa barabara na ya chuma kwa reli anaruhusiwa asihesabiwe muda wa kwenda na kurudi kazini, mradi usizidi saa 2 kwa siku na saa 30 kwa mwezi.

Kisha vyama viwili vya makampuni ya reli, kimoja cha makampuni makubwa na kingine cha reli fupi za mikoani, viliwasilisha ombi FMCSA. Waliomba wafanyakazi wao waruhusiwe kupita ukomo wa saa wanapoitikia tukio lisilopangwa, lililotokea nje ya zamu ya kawaida au lililoendelea baada ya zamu kwisha, na linalogusa usalama au uendeshaji wa reli. Mabehewa yameacha njia, mvua imekula tuta, reli imekatika kwa baridi, na kadhalika.

Sitaki kuwadhulumu wenye ombi. Hoja yao ina uzito. Reli ikikatika, treni zinasimama pande zote mbili, na miongoni mwa mabehewa hayo yapo yenye kemikali ambazo hakuna anayetaka zikae karibu na nyumba yake. Tuliyaona ya East Palestine, Ohio, Februari 2023, jinsi mji mzima unavyoweza kugeuzwa maisha na treni moja ya kemikali iliyoacha njia. Reli fupi ya mkoani ina wafanyakazi wachache. Ukiwaambia wawili wamemaliza saa zao za wiki, huenda hakuna wa tatu. Mtu aliyefikisha saa zake 70 jana, akalala usiku kucha kitandani kwake, kisha akaitwa leo saa tisa alasiri, huyo si hatari kubwa barabarani. Mwacheni aendeshe aende. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Ila soma tena sheria ya malori kwa makini, maana hapa ndipo mjadala wote ulipo. Sheria hii haimkatazi mtu kufanya kazi baada ya saa 14. Inamkataza kuendesha. Mtu wa genge akifika kwenye ajali akakesha anainua mabehewa na kubadilisha mataruma mpaka saa ya 20, FMCSA haina la kumwambia. Reli itatengenezwa, treni zitapita, kemikali zitaondolewa. Marufuku inaanza pale anapotia ufunguo kwenye lori ili arudi. Kwa hiyo mtu anapokwambia kwamba bila msamaha wa saa 14 reli haitatengenezwa, muulize: msamaha huo unaongeza nini kwenye matengenezo? Karibu hakuna. Unachoongeza ni ruhusa ya mtu aliyechoka kushika usukani baada ya dharura kwisha.

Jirani yangu, Mkongo wa Lubumbashi, ameajiriwa na kampuni ya njia. Lori lake ni la kreni. Namwona akirudi asubuhi za majira ya baridi: matope yamegandia mpaka magotini, vioo vya lori vimeshushwa vyote viwili kwenye baridi ya kukata masikio, redio iko juu, na kwenye kiti cha pembeni maganda ya alizeti yamejaa kikombe. Kila dereva anayesoma hapa anajua maana ya vioo kushushwa kwenye baridi na maana ya mbegu za alizeti: ni kupigana na usingizi. Siku moja nilimuuliza kwa nini asilale hukohuko. Akanijibu, "Ndugu yangu, kazi siiogopi. Naogopa ile saa ya kurudi. Lakini lori linatakiwa uwanjani kwa kampuni kesho, na hoteli hawalipi." Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Hakulalamikia sheria wala msimamizi. Alinitajia bei ya chumba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makampuni ya reli yanajua kabisa jinsi ya kulitatua jambo hili, kwa sababu yanalitatua kila siku kwa wafanyakazi wengine. Wafanyakazi wa treni wakifikisha saa 12, treni inasimama hapo ilipo. Nimepita mara nyingi kando ya mashamba ya mahindi nikaona treni ndefu kupita upeo wa macho imetulia, taa zinawaka, injini inaunguruma, inasubiri. Baada ya muda kinakuja kibasi kutoka mjini, kinashusha wafanyakazi wapya, kinabeba waliochoka. Hakuna anayemwambia dereva wa treni, "Malizia tu, umebakiza kidogo." Kibasi kipo, mkataba upo, bajeti ipo. Kwa nini mtu wa genge asikipande?

Wapo watakaosema uchovu wa fundi ni shauri lake na kampuni yake. Hapana. Asubuhi ya tarehe 28 Februari 2001, karibu na Selby huko Yorkshire, Uingereza, mtu mmoja aliyekuwa hakulala usiku alisinzia akiendesha gari lenye tela kwenye barabara kuu ya M62. Gari likaacha barabara, likashuka kwenye tuta hadi juu ya reli. Treni ya abiria ikaligonga, ikaacha njia, ikakutana uso kwa uso na treni ya makaa ya mawe. Watu 10 walifariki. Dereva mwenyewe alitoka hai na akafungwa. Kila fundi wa reli anaendesha kando ya reli na kuivuka mara kwa mara. Hakuna dereva aliye karibu zaidi na ajali ya namna ile.

Tena uchovu haungoji mpaka fundi afike barabarani. Tarehe 12 Desemba 1988 treni ziligongana Clapham Junction, London, watu 35 wakafariki. Uchunguzi ulifuata waya mmoja. Fundi wa ishara alikuwa akifunga mfumo mpya. Waya wa zamani akaufungua upande mmoja tu, akausukuma kando bila kuukata wala kuufunika ncha. Kazi nyingine ilipofanyika kwenye chumba hichohicho, waya ukarudi kugusa mahali pake pa zamani, na taa iliyopaswa kuwa nyekundu haikuwa nyekundu. Fundi huyo alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13. Ripoti ilisema wazi kwamba kazi ya mfululizo ilikuwa imeufanya umakini wake uwe butu. Baada ya hapo reli za Uingereza zikawekewa ukomo: zamu isizidi saa 12, wiki isizidi saa 72, na mtu asifanye kazi zaidi ya siku 13 kati ya 14. Ukomo huo uligusa watu wa matengenezo, ambao ndio Marekani imewaacha nje.

Sasa msamaha ukitolewa, uwe wa namna gani? Kisheria FMCSA inaweza kuutoa kwa hadi miaka 5, kwa sharti kwamba usalama ubaki sawa na ule wa bila msamaha, au uzidi. Mimi ningeuandika hivi. Saa za wiki zisimzuie mtu kwenda kwenye dharura ikiwa ametoka kwenye saa 10 za mapumziko. Saa 14 zisiguswe. Kazi ikizidi hapo, kampuni imletee kibasi au chumba, na lori lilale hapohapo kwenye kazi au liendeshwe na aliyelala. Dharura ielezwe kama ilivyoelezwa kwa mafundi wa ishara, ambao sheria yao inasema wazi kwamba ukaguzi na matengenezo ya kawaida si dharura, maana bila kizuizi hicho kila Jumamosi itageuka tukio lisilopangwa. Na ule muda wa kurudi kutoka kwenye wito, ambao sheria imeuacha bila upande, Bunge liuhesabu kuwa kazi.

FMCSA haiwezi kutoa msamaha wa namna hii kimyakimya. Ombi linachapishwa, na umma unapewa muda wa kutoa maoni. Makampuni yana mawakili wa kuyaandika. Vyama vya wafanyakazi huandika pia. Sisi madereva tunaosomana kwa Kiswahili, wa Texas, wa Missouri, wa Ohio, tunaopishana na malori haya saa kumi alfajiri, karibu hatuandiki kabisa. Maoni ya ukurasa mmoja yanatosha, na hayahitaji wakili. Eleza ulichokiona: lori lilikuwa la aina gani, saa ngapi, barabara ipi, dereva alikuwa katika hali gani. Kisha waulize FMCSA: kampuni ililipia chumba, au haikulipia?