Desemba 12 Lamu, hotuba ni ya wengine

Hapa Helsinki jua la Desemba huzama saa tisa na robo alasiri, na sikukuu ya uhuru ya Wafini huangukia tarehe 6, kiza kimetanda. Ikifika saa kumi na mbili jioni, watu huwasha mishumaa miwili dirishani. Mchana wamekwenda makaburini kuwawashia wanajeshi wao. Usiku wamejifungia ndani wakitazama televisheni, rais akipokea wageni ikulu na kuwapa mkono mmoja mmoja, mamia kwa mamia, na huku nyumbani wakizisengenya nguo za wageni. Hakuna ngoma wala vifijo. Mwanzo nilidhani ni matanga.

Sasa nawaonea kijicho. Mtoto wa jirani yangu anaijua hadithi nzima: mwaka 1917 walijitoa kwa Urusi, na mwaka uliofuata wakauana wao kwa wao. Hawamfichi.

Kwetu Lamu, pwani ya Kenya, sikukuu ya Jamhuri ya Desemba 12 ni gwaride, hotuba ya Rais ikisomwa na kamishna wa kaunti, na wanafunzi kuchomwa na jua. Kisha kila mtu na njia yake. Si kwamba hatujui kusherehekea. Njooni Maulidi ya Riyadha muone mji unavyofurika, matwari usiku, mashindano ya punda mchana. Ila ile ni yetu, na hii tumeletewa.

Hotuba yenyewe huwa ni ya bara tupu. Sawa, mashujaa wa bara wanastahili. Lakini sisi wa Mwambao tuliingia Kenya kwa mlango mwingine. Ukanda wa pwani, upana wa maili kumi, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa 1895 na kumlipa kodi. Sultani aliuachia Kenya kwa mkataba uliotiwa saini mjini London, tarehe 8 Oktoba 1963, baada ya Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kuandikiana barua: mahakama za kadhi zibaki, dini iheshimiwe, hati za ardhi zitambuliwe. Zanzibar ikapata uhuru Desemba 10, sisi siku mbili baadaye. Kadhi yumo kwenye katiba hadi leo, kifungu cha 170. Habari ya ardhi, waulizeni wazee wa Lamu.

Skuli sikuambiwa haya. Barazani wazee waliyanong'ona, utadhani kutaja Mwambao ni uchochezi.

Basi hotuba ya Rais isomwe, ndiyo desturi ya nchi nzima. Ikimalizika, mzee mmoja apewe kipaza sauti pale Mkunguni, mbele ya ngome, awasomee watoto barua zile. Hazimalizi nusu saa, na jua wameshalizoea.