Kome Aina Mbili, Paka Saba

Mgeni wetu Mtaliano aliingia Lamu na kome wa barafu, mifuko miwili ya kilo moja moja. Mmoja Mytilus edulis wa Ulaya kaskazini, wa pili Mytilus galloprovincialis, wa Mediterania kwao. Akataka wapikwe sufuria mbili, ale akilinganisha. Mimi niliyekulia chaza nikakata mifuko yote, nikaimwaga kwenye karai moja wayeyuke.

Si neno, nitawatenga. Nikabandua nyama, magamba nikayatupa uani, nikapanga: wa rangi ya chungwa huku, weupe kule. Mafungu yakakaribiana, nikaona hesabu imekubali. Nikatia tui na bizari ya manjano, nikamwita Bi wa jikoni aje anisifu.

Akachungulia. "Mwanangu, hizi si aina mbili. Umewatenga wake na waume, kama harusini."

Naam. Kwa aina zote mbili majike aghalabu huwa chungwa, madume weupe-weupe. Na hawa ni ndugu wa kuoana: wakikutana pwani za Ufaransa au kusini-magharibi mwa Uingereza huzaa machotara, hata wataalamu hulazimika kupima vinasaba. Asiye na maabara hutazama gamba. La galloprovincialis lina ncha iliyochongoka na kupinda kidogo, na upande wa chini umenyooka. Ndani, karibu na ncha, kuna kovu la msuli mdogo: la edulis refu, la galloprovincialis dogo, la mviringo. Pindo la nyama nalo hutofautiana, zambarau kwa galloprovincialis, kahawia ya manjano kwa edulis. Ila pindo nimeshalipika na bizari! Wote edulis.

Nikakimbilia magamba. Paka saba walikuwa wameshatangulia, wameyalamba mpaka makovu yanang'aa. Hakuna mswaki ungesafisha vile. Nikakaa na tochi, gamba moja moja, ncha, kovu, ncha, kovu. Saa nne usiku nina mafungu mawili ya magamba, yamepangika barabara.

"Hodari," akasema Bi. "Sasa nyama ya gamba hili ni ipi?"

Nikapakua hivyo hivyo, sahani ya wake, sahani ya waume. Mgeni akaonja huku, akaonja kule, akafumba macho, mwisho akaivuta sahani ya waume.

"Hawa," akasema, "hawa ndio wa kwetu."