Chensoo Iliyokataa Kuzimika Kwenye Sendofu

Kwa kuwa rafiki yangu, fundi redio, ameshairusha kwenye kundi la kijiji ile video ya mimi nikizunguka ua wa wakwe na chensoo inayonguruma, na kwa kuwa imeshafika hadi kwa shangazi yangu aliyeko Makambako, ambaye alinipigia simu akacheka mpaka akakata bila kusema alichokusudia, nimeona ni heri niisimulie habari hii mwenyewe kabla haijaota mkia. Naomba niweke wazi tangu mwanzo kwamba sikuwa nikikimbizwa na mashine. Anayekimbizwa huwa ametangulia mbele, na kinachomkimbiza kiko nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeikumbatia kwa mikono miwili. Tena yale maneno yaliyoandikwa chini ya video, kwamba "mkwe kapandisha mashetani", ni uzushi mtupu. Macho yalinitoka kwa sababu ya moshi.

Chensoo yenyewe ni Stihl 070, mali ya baba mkwe wangu, ambaye alipasua mbao huku Mufindi kwa miaka mingi, kabla mashine za kupasua mbao ziitwazo dingdong hazijajaa kila kona ya msitu. Kwa wasioifahamu, hii ni mashine ya ukoo wa ile Contra ya mwaka 1959, iliyomwezesha mtu mmoja kubeba peke yake injini ya petroli isiyo na gia kati yake na cheni. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 106, na uzito wake unapita kilo 10 hata kabla hujaifunga bamba linalobeba cheni na cheni yenyewe. Hii ya mzee haina breki ya cheni, wala haina kitu cha maana cha kupunguza mtikisiko. Ukishinda nayo porini, jioni kikombe cha chai kinakuchezea mkononi. Mzee alipostaafu aliiweka bandani, na kuku wakaichukulia kuwa ni sehemu yao ya kulala. Nilipoiomba niifufue, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Chukua, baba. Ila isije ikanitia aibu." Nawaomba mlikumbuke neno hilo.

Sitawachosha na kazi yote ya kuifufua, ingawa ninyi mnaonifuata mnajua kwamba ningependa kuwachosha. Kinyesi cha kuku kikikaa miaka juu ya chuma, hakitoki kwa maji. Niliking'oa kwa bisibisi. Tundu la ekzosti lilikuwa limeziba masizi hadi limebaki nusu, nikayakwangua kwa kijiti cha mwanzi ili chuma kisije kikakwaruza pistoni. Mpira wa kupitisha petroli ulikatika nilipougusa tu. Kile kiwambo chembamba cha ndani ya kabureta, kinachopaswa kupumua kikisukuma na kuvuta petroli, kilikuwa kimekakamaa kabisa, nikabadilisha. Platini, vile vigusano vinavyoachana ili cheche iruke, nilizisugua kwa msasa laini, nikazipa nafasi ya chini ya nusu milimita, na siku cheche ya buluu iliporuka kwenye plagi nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona, akarudi kufua.

Ili kufungua nati ya gurudumu la sumaku, ni lazima pistoni izuiwe isizunguke, nasi mafundi huchomeka kamba ndani ya silinda kupitia tundu la plagi. Niliichomeka. Ncha ikapenya kwenye tundu la ekzosti, pistoni ikapanda, ikaikata, nami nikashinda siku hiyo nikitafuta kipande cha kamba ndani ya injini kwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Hilo fundi redio halijui, kwa hiyo naomba mlihifadhi.

Yapo mambo matatu tu ambayo msomaji anapaswa kuyashika. La kwanza ni sili za krenki, yaani vizibo vya mpira kwenye ncha za mhimili wa injini. Ziko mbili, moja upande wa sumaku na nyingine upande wa klachi, na kazi yake ni kuzuia hewa isiingie kwa mlango wa nyuma. Zikikakamaa, injini inavuta hewa ambayo kabureta haikuiandalia petroli, na badala ya kufifia inapanda mzunguko kwa wazimu. Ya upande wa sumaku niliibadilisha. Ya upande wa klachi niliibonyeza kwa kidole nikaona bado ina uhai, na duka la vipuri la Mafinga siku hiyo halikuwa na saizi yake.

La pili ni rangi. Siku moja kabla ya sherehe niliona haifai mashine iliyofufuka itoke mbele za watu na mabaka ya kutu, nikaifungua vifuniko na swichi, nikaipuliza rangi ya chungwa mwili mzima. Iling'aa. Nilipuliza hadi pale swichi inapokaa, na hapo ndipo penye kiini cha mkasa huu, kwa sababu swichi ya mashine hii haikati umeme. Inaupa njia ya mkato: ukiisukuma, waya unaotoka kwenye koili unagusana na mwili wa mashine, umeme unapotelea kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi, na injini inazima. Sasa chuma chote kilikuwa kimevalishwa koti la rangi, tena koti zito, maana nilirudia.

La tatu ni choki, kile kibamba cha kuziba hewa kwenye mdomo wa kabureta wakati wa kuwasha. Niliitoa ili nisiipake rangi, nikaisahau mezani pamoja na skrubu yake. Asubuhi yake niliwasha injini kwa kuziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, nikafurahi kwamba ninaweza kuishi bila choki.

Basi, ilikuwa sendofu ya shemeji yangu mdogo, nyumbani kwa wakwe. Maturubai yamesimamishwa, viti vimevalishwa vitambaa, MC ameletwa kutoka mjini na spika zake. Nyuma ya jiko la nje lilikuwa limelazwa gogo kavu la mlingoti, yaani mkaratusi, nene kuliko uwezo wa shoka la wapishi, na sufuria za pilau zilikuwa zinasubiri. Mtu mmoja akasema, "Si mkwe ana chensoo?" Nami, ambaye nilikuwa nimeibeba kwenye buti la gari bila kumwambia mtu, nikajifanya nafikiri kidogo.

Nilijaza tanki mpaka juu. Mchanganyiko ni kama mzee alivyonifundisha: lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli. Nilivuta kamba, ikaitika mvuto wa pili, na sauti ile nzito ya 070, ambayo wakongwe wa msitu huitambua wakiwa ng'ambo ya bonde, ikajaza ua. Wapishi walipiga vigelegele. Nilikata pande la kwanza, la pili, la tatu, vumbi la mbao likinimwagikia viatuni, na kwa muda ule mfupi nawahakikishia kwamba hapakuwa na mkwe bora kuliko mimi katika mkoa mzima wa Iringa.

Kisha MC akatangaza kwamba baba wa bi harusi anasimama kutoa nasaha.

Niliachia akseleta. Naomba hapa twende polepole, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekuwa nikipitia hapa kila usiku ninapofumba macho. Niliachia akseleta, nikisubiri injini ishuke kwenye sailensa, yaani ule mzunguko wake wa chini wa kupumzika, nayo haikushuka. Ilitulia kidogo, kama inayofikiri, halafu ikapanda yenyewe, ikapita pale nilipokuwa nimeiachia. Cheni ilikuwa inazunguka kwa kasi hata meno hayaonekani. Nikasukuma swichi kwa kidole gumba. Ikalia "tak", ule mlio wa kistaarabu wa swichi iliyokaa mahali pake. Injini ikaendelea. Nikairudisha, nikaisukuma tena kwa nguvu zaidi, kwa imani kwamba haikunisikia. Tak. Nikaisukuma na kuishikilia hapo hapo kwa kidole, nikahesabu kimoyomoyo, nikaangalia watu, nikawatabasamia.

Baba mkwe alikuwa ameshashika kipaza sauti. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, na mkononi ana karatasi aliyoiandika pande zote mbili kwa mwandiko wake wa kulala. Nikaona midomo yake ikifunguka. Sikusikia kitu, na hakuna aliyesikia. Akafunga, akasubiri, akafungua tena. MC akachukua kipaza sauti, akasema kwa upole, "Tunamwomba shemeji wa kuni atupunguzie sauti kidogo." Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Akasema, "Shemeji, tumekubali, mashine ni nzima." Nikaitikia tena. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Kuna aliyeuliza kwa nini sikuiweka chini nikaondoka. Ndugu yangu, uzito ule wenye cheni inayozunguka, usio na breki, hauwekwi chini. Ukiuweka, unatembea, na mbele yake kulikuwa na kamba za turubai la meza kuu. Ilinibidi niishike kwa mikono miwili, na kwa kuwa nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili, sikuwa na mkono wa tatu wa kufungulia kifuniko cha chujio la hewa. Kwamba asubuhi ile ile nilikuwa nimeziba mdomo wa kabureta kwa kiganja changu mwenyewe, hilo lilikuwa limenitoka akilini kabisa. Nikaamua kutembea mbali na watu. Ila ua ule una ukuta pande tatu na upande wa nne una wageni, kwa hiyo nikawa nazunguka. Hizo ndizo mbio mnazoziona kwenye video. Na kadiri tanki lilivyopungua ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nyembamba na kali, jambo ambalo fundi yeyote angelisoma kuwa ni injini inayokosa petroli na kulishwa hewa, nami nililisoma hivyo, na halikunisaidia.

Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko, akanitazama mzunguko mzima, akarudi ndani.

Hapo ndipo fundi redio alipojitokeza kuniokoa. Angalieni video kwa makini: kuna mahali picha inaruka, anga inaonekana, halafu majani, halafu inaendelea kutoka mbali zaidi. Amewaambia watu kwamba aligongwa kiwiko. Ukweli ni kwamba alisogea na simu mkono wa kushoto, akaniambia sikioni, "Tulia, mimi ni mtu wa umeme," akashika kofia ya plagi kwa mkono wa kulia ambao dakika hiyo ulikuwa umetoka kuweka chini soda ya baridi. Umeme wa sumaku ya chensoo hauui mtu mzima kwa kawaida, ila hauna adabu. Alipiga ukelele wa Kihehe ambao siwezi kuuandika hapa kwa kuwa shangazi anasoma, na mkono wake ukabaki umekunja ngumi kana kwamba anataka kuapa. Kofia ya plagi haikutoka.

Baba mkwe akamkabidhi MC kipaza sauti. Alikuja bila haraka, akinizunguka kutoka nyuma, upande ulio mbali na cheni, kama afanyavyo mtu aliyeishi na mashine hizi. Mkono wa kushoto akauweka begani kwangu, nami nikasimama. Kwa mkono wa kulia akafungua kifuniko kwa vidole viwili, akachomoa chujio la hewa, akalitia kwenye mfuko wa koti. Kisha akaikunja karatasi yake ya nasaha mara nne na kuikandamiza kwenye mdomo wa kabureta.

Injini ikakosa hewa, ikajaa petroli, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Ukimya ule ulijaa harufu ya mafuta mchanganyiko. Mzee aliichomoa karatasi, akaikunjua, akaipepea kidogo, akarudi mbele. Ila karatasi ikilowa petroli na oili huwa kama kioo, na maandishi ya upande wa pili yalikuwa yamejitokeza juu ya maandishi ya upande wa kwanza. Aliisogeza kwenye mwanga, akaiweka mbali na macho, akaigeuza. Akamshukuru Mungu, akawashukuru majirani, akawashukuru wapishi. Halafu akasema kwenye kipaza sauti, akinitazama, "Hapa palikuwa na maneno kuhusu wakwe zangu, lakini hapasomeki," akapita.

Pilau lilipikwa kwa vile vipande vitatu na likatosha. Bi harusi aliagwa vizuri. Sili ya upande wa klachi imeshapatikana. Kesho yake mzee aliniomba msasa, akafungua swichi, akakwangua rangi sehemu ndogo tu, ya ukubwa wa ukucha, akaifunga, akaiwasha chensoo na kuizima kwa kidole gumba mara kadhaa bila kusema neno. Kisha akaibeba ndani chumbani kwake, akatoka, akaniuliza choki iko wapi.

Nimemtumia kwa basi.