Usizitupe Valium za mama

Hapa Moshi ukisema hulali, hujamaliza kusema mtu ameshakutajia Valium. Ndiyo hiyo diazepamu. Ni dawa ya cheti, ila nimeona ikifungwa kwenye bahasha ya kaki na mnunuzi haulizwi hata ana umri gani. Hilo limelalamikiwa sana, nami naunga mkono. Kinachoniudhi zaidi ni kile kinachofuata: mtoto anakuja Krismasi kutoka Dar, anagundua mama yake anameza vidonge hivyo miaka na miaka, anang'aka, "Mama, utakuwa teja!" Anavimwaga chooni.

Jamani, hapana! Diazepamu huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo yenye kazi ya kutuliza. Hofu inapoa, misuli inalegea, usingizi unakuja. Ila ubongo hauketi bure; ukizoeshwa kwa muda mrefu unajirekebisha, unaitegemea dawa. Ukiikata ghafla, wasiwasi unarudi maradufu, mikono inatetemeka, wengine wanapata degedege, na wapo wanaokufa. Aliyetupa vidonge kwa upendo anaweza kumuumiza mama kuliko aliyemuuzia.

Wenzetu waliyapitia haya. Dawa hii, iliyotoka kwa Leo Sternbach na wenzake wa kampuni ya Roche, iliingia sokoni Marekani mwaka 1963, na miaka ya 1970 ikaongoza kwa mauzo huko. Waingereza walikuja kushauri rasmi mwaka 1988 kwamba dawa za kundi hili zisitumike zaidi ya wiki 2 hadi 4. Kule Newcastle, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wanaotaka kuziacha kuanzia 1982 hadi 1994. Njia yake: kupunguza kidogo kidogo, kwa miezi, hata zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo mpeleke mama hospitali, Mawenzi au KCMC, na vidonge vyake mkononi, aseme anameza vingapi na tangu lini. Cha kukatazwa leo leo ni mbege (na bia, msijifanye hamzioni), maana pombe na Valium kwa pamoja hudhoofisha upumuaji.

Daktari akifika kwenye swali la kwa nini halali, wewe toka nje ukasubiri kwenye benchi. Mama anayeuza mitumba Kiborloni anaweza kuwa na marejesho ya kikoba ambayo hatayataja mbele yako, hasa kama mkopo wenyewe ulilipa ada yako.