Subira Njema Ina Machozi na Ina Kazi

Kuna jambo linaniuma katika namna tunavyohimizana subira hapa Unguja. Mtu akifikwa, kabla hajamaliza hata kusema lililomsibu, keshaambiwa: "Subiri, ni mtihani." Maneno ni ya kweli. Ila mara nyingi tunamwambia ili anyamaze.

Ukenda vijiji vya pwani vya Paje au Jambiani siku za bamvua, maji yametoka mbali, utawaona kina mama wameinama wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, kijishina baada ya kijishina. Chumvi inawachoma vidoleni, jua la saa sita liko mgongoni. Kazi hii ilishika mizizi huku mwishoni mwa miaka ya 1980, ikasomesha watoto, ikajenga nyumba. Kisha bahari ikazidi joto. Kotoni, ule mwani wenye bei nzuri kuliko aina ya pili, spinosamu, ukawa unaoza na kukatika kabla ya kuvunwa. Mtu anarudi shambani kwake anakuta kamba tupu, na bamvua lijalo anakwenda kufunga tena. Huyo ndiye wa kufundishwa subira na sisi tuliokaa barazani?

Nabii Yakub alipoletewa kanzu ya mwanawe Yusuf yenye damu ya uongo, alishika subira njema. Lakini sura hiyohiyo ya Qurani yenye kisa chake, ya 12, inatueleza kuwa alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, akasema huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Halafu, na hapa ndipo tunapopapita haraka, akawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Alilia, akashitaki, akatafuta, na yote hayo yamo ndani ya subira yake.

Maisha ni safari ya kumwendea Mola, kwa juhudi na taabu. Ndivyo Qurani inavyotwambia. Msafiri aliyechoka hupokewa mzigo.

Kwa hiyo mfiwa tumwache alie, tukae naye. Na kina mama wa mwani tuwasemee kwenye bei, maana hawaipangi wao. Wanaotaka kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo, wasaidiwe vyombo vya baharini, na wafundishwe kuogelea, kwani wengi wao tangu utotoni hawakupewa nafasi hiyo.