Corona na Magofu ya Gede: Ni Kipi Kilistahili Kufungwa?

Machi 2020, mara tu baada ya kisa cha kwanza cha Covid-19 kutangazwa nchini, maeneo yaliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalifungiwa wageni. Kwetu Malindi amri ile ilikusanya vitu visivyofanana: jumba la makavazi mjini, kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, nguzo ya Vasco da Gama iliyosimama juu ya mwamba ikipigwa na upepo wa bahari, na magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, kule njia ya Watamu. Wako wanaosema Gede ilionewa, kwamba mahali pa wazi palibebeshwa kosa la vyumba. Wako wanaosema wakati ule hapakuwa na nafasi ya kuchaguachagua. Naona pande zote mbili zinagombania lango, na hasara kubwa haikuwa langoni.

Waliofunga nao wana hoja, tuwape haki yao. Ugonjwa ulikuwa mgeni, chanjo haipo, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuguswa, hata ikafungwa kuingia na kutoka tarehe 8 Aprili pamoja na Mombasa na Kwale. Ni kweli Gede ina ekari 45, lakini wageni hawatawanyiki katika ekari 45. Wote hupita dirisha moja la tiketi, hufuata kijia kilekile, kisha hukutana kwenye kasri, ambako vyumba ni vyembamba na milango yake hupitisha mtu mmojammoja. Likija basi la shule, mwongozaji hupaza sauti na watoto humsogelea ili wasikie. Huyo mwongozaji angekaa na makundi ya namna hiyo kutwa nzima, akirudi nyumbani jioni kwa wazee wake. Na kuhusu vyumba vya makavazi mjini sioni hata cha kubishana: kufunga kulikuwa sawa.

Upande wa pili una nguvu zaidi kuliko unavyopewa. Msikiti mkuu wa Gede hauna paa. Makaburi yako chini ya miti, likiwemo lile lenye mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Kasri lingeweza kuzungushiwa kamba na sehemu nyingine zikabaki wazi kwa watu wachache wachache. Wala serikali haikushindwa kupambanua mambo ilipotaka. Nyumba za ibada zilipofunguliwa tena Julai mwaka ule, ziliwekewa sharti la watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja. Waamini waliruhusiwa kukaa ndani, chini ya paa, kwa hesabu maalumu. Huko Marekani, Sanamu ya Uhuru ya New York ilifungwa Machi hiyohiyo. Julai wageni wakakubaliwa kutembea kisiwani huku ndani ya sanamu kukiwa bado kumefungwa. Hesabu kama hiyo ingefaa Gede, na ingefaa zaidi nguzo ya Vasco da Gama, ambayo kwa kweli sijui mtu aliyesimama pale peke yake angemwambukiza nani, labda kaa.

Lakini hoja ya riziki, kwamba kufunga kuliwanyima watu kipato, ambayo ndiyo hupigiwa kelele zaidi, hainishawishi sana kwa miezi ile ya kwanza. Safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwishoni mwa Machi, zikarudi tarehe 1 Agosti. Mtu wa Nairobi au Mombasa hakuweza kufika Malindi mpaka Julai. Lango la Gede lingebaki wazi kutwa, bado angeingia nani? Ni sisi majirani tu, ambao hata siku za amani wengi wetu tulifika mara ya mwisho tukiwa shuleni. Muuza vinyago na dereva wa tuktuk waliumizwa na ndege na vizuizi vya barabarani kabla ya kuumizwa na kufuli. Hata kima wa Gede, waliozoea ndizi za watalii, wangekaa bure.

Kilichonihangaisha ni kalenda. Kufuli ile iliingia pamoja na masika. Kuta za Gede ni za matumbawe na chokaa, na chokaa ikishalowa, mbegu ya mti inayoangukia ufa haihitaji zaidi ya mvua moja. Mji huu ulihamwa katika karne ya 17 na msitu ukaumeza. Ilibidi ufyekwe ndipo mwanaakiolojia James Kirkman aanze kuuchimba mwaka 1948. Kufyeka na kuziba nyufa si huduma ya mgeni. Ni kazi ya lazima, na inafanywa nje, na watu wachache, wakiwa mbalimbali. Makavazi yanategemea pia viingilio, kwa hiyo tiketi zikikatika, fedha za kazi hiyo ndizo huanza kuminywa. Amri yoyote ya kufunga ilipaswa kutaja wafyekaji kwa jina la kazi yao na kuwatengea fungu. Sasa, tangu Gede iingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, jambo hilo si la kuachiwa busara ya meneja.

Palepale Gede pana mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo, huleta pupa (viwavi waliojifunga kabla ya kugeuka vipepeo) mradini, nazo husafirishwa kwa ndege kwenda kwenye majumba ya maonyesho ng'ambo. Pupa haihifadhiki: siku zake zikitimia inafunguka, mnunuzi awepo asiwepo. Majumba yale yakafungwa, ndege zikapungua, na mkulima akabaki na viwavi na msitu. Mradi ulibuniwa ili apate sababu ya kutoukata. Huyu hakuhitaji lango la magofu lifunguliwe. Alihitaji mtu wa kumnunulia pupa zake, hata kwa nusu bei, mpaka soko lirudi.