Stata ya Kwanza, Amkeni

Mtaa wetu huku Nkuhungu hauna haja ya saa. Una gari langu.

Stata ya kwanza, saa kumi na mbili kasorobo, watoto wa jirani wanaamka. Stata ya tatu wananawa uso. Nikianza kulibembeleza kwa maneno ambayo mke wangu hajawahi kuyasikia, wako kwenye chai. Nikishuka nimekunja mikono ya shati, wanakuja na mabegi mgongoni, wanasukuma mpaka kwenye lami, wanaendelea zao shule.

Gari ni la mwaka 1996. Limewazidi umri mafundi wengi wanaolitibu. Asubuhi za Julai, baridi ya Dodoma ikishika, linakohoa kama mzee aliyekosea ugoro. Likiwaka nako, sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, haikai. Mshale unapanda 1,500, unashuka 500, unapanda tena, wakati ilitakiwa utulie kwenye 750 hivi. Kwenye taa za barabarani naomba kijani kama watu wanavyoomba mvua, na sisi wa huku mvua tunajua kuiomba.

Fundi wa kwanza hata boneti hakuifungua vizuri. "Plagi hizo, bosi." Zikabadilishwa zote nne. Wa pili akasema pampu ya mafuta, hela niliyokuwa nimeitenga ya bati ikaishia hapo. Wa tatu ndiye simsamehei. Alichomoa thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la injini, akaitupa, eti hiyo ni ya nchi za baridi. Mwezi wa saba, Dodoma, yeye mwenyewe kavaa sweta! Injini ikawa haipati joto sawasawa, kompyuta yake inadhani bado alfajiri, inamwaga mafuta tu. Nikienda Majengo na kurudi, petroli inaisha kama nilikwenda Singida.

Jumamosi nikapelekwa kwa mzee mmoja, gereji yake ni mti na benchi. Alinisalimia kwanza, kitu ambacho wale watatu hawakufanya. Halafu hakushika spana. Akaniambia niwashe, akainamisha sikio.

"Unasikia?"

"Nasikia gari bovu, mzee."

"Sikiliza kule nyuma ya injini."

Sssss. Kimpira cha hewa, urefu wa kidole, kimekauka kikapasuka. Injini inavuta hewa ya wizi ambayo haikupimwa mlangoni. Akaubana ule ufa kwa kidole, mshale ukatulia. Akaachia, ngoma ikaanza upya. Miezi mitatu ya pesa zangu, kidole kimoja!

Akapima betri: volti 12.6, nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye teminali, imelegea na imeota unga mweupe kama sembe. Maji ya moto, brashi, spana namba 10. Kimpira kipya shilingi 3,000, na thamostati ikarudi mahali pake. Zile plagi za zamani, naambiwa, huenda hazikuwa na kosa. Sitaki kujua ziko kwenye gari la nani.

Jumatatu nikazungusha ufunguo mara moja tu. Likawaka, likatulia, likanguruma kwa adabu. Nikatoka getini kama mbunge.

Jioni nakuta mama watoto wa jirani kasimama njiani, mikono kiunoni.

"Shemeji, kama umeuza gari si ungetuambia? Wanangu wameamka saa mbili!"